Ultrasaundi inasema wiki 8, mume karudi wiki 6 zilizopita: mimba inahesabiwaje na mtoto anaanzaje?

Kuna ugomvi mmoja nimeusikia mara nyingi sana kwenye meza ya kliniki, mpaka saivi mtu akianza tu kuongea najua atamalizia wapi. Mwanaume ni dereva wa lori, au yuko mgodini, au ni baharia. Karudi nyumbani tarehe 13 Machi. Mke kapata mimba, tarehe 26 Aprili wanaenda kupiga ultrasaundi, karatasi inatoka imeandikwa wiki 8. Jamaa anahesabu kwa vidole palepale kwenye benchi: tangu nimerudi ni wiki 6 na siku mbili, hizi nyingine ni za nani? Hapo ndugu wameshapigiwa simu, na yule dada analia hana hata neno la kujitetea kwa sababu na yeye hajui hiyo 8 imetoka wapi.

Karatasi iko sawa, na hesabu ya mume nayo iko sawa, ila kila mmoja anahesabu kitu chake. Naomba nitumie tarehe zao hizohizo kueleza jambo zima, kuanzia yai mpaka kijusi, maana ukiona kalenda inaeleweka haraka kuliko kukariri majina.

Mimba inahesabiwa kuanzia siku ya kwanza ya hedhi ya mwisho. Ndo maana ukifika kliniki swali la mwanzo kabisa ni "hedhi yako ya mwisho uliona lini?" Sababu ni nyepesi tu, siku ya kuona damu mwanamke anaikumbuka, lakini siku yai lilipokutana na mbegu hakuna mtu aliyeiona, haiumi wala haitoi dalili. Kwahiyo wauguzi na madaktari wakachagua siku inayojulikana. Dada yetu aliona damu tarehe 1 Machi. Kwa mwenye mzunguko wa siku 28 yai hutoka karibu na siku ya 14, tuseme hapa lilitoka tarehe 15. Ina maana wiki 2 za mwanzo za hiyo "mimba" hakukuwa na mimba yoyote, mwili ulikuwa unaandaa yai. Ukisikia mimba ina wiki 8 jua kilichomo tumboni kina umri wa wiki 6 hivi. Jamaa alikuwepo nyumbani tayari, tena alifika siku mbili kabla.

Na hapo kuna kitu kingine watu hawakijui, siku ya tendo sio lazima iwe siku ya kutunga mimba. Mbegu za kiume zinaweza kukaa hai ndani ya njia ya uzazi mpaka siku 5 zikisubiri, wakati yai likishatoka lina saa 12 mpaka 24 tu, baada ya hapo limeharibika. Kwahiyo tendo la tarehe 13 linaweza kabisa kuzaa mimba ya tarehe 15.

Maneno machache kabla sijaendelea, ili tusipotezane. Yai na mbegu vikishaungana kile kitu kimoja kinachopatikana kinaitwa zaigoti. Kuanzia hapo kinapoanza kugawanyika na kujijenga, mpaka mwisho wa wiki ya 8 ya umri wake wa kweli (yaani wiki 10 kwa hesabu ya kliniki), tunakiita kiinitete. Baada ya hapo mpaka kuzaliwa kinaitwa kijusi. Kondo la nyuma mnalijua, ile nyama inayotoka baada ya mtoto.

Sasa hili neno "mbegu" lenyewe limetupoteza kwa muda mrefu. Tunasema mwanaume anatoa mbegu na mwanamke ni shamba, na mtu akisikia hivyo anaona kama mtoto mzima katoka kwa baba, mama kampa tu mahali pa kukaa. Ukichukua mbegu ya hindi ukaipasua unakuta kiini chake mle ndani, mmea mdogo tayari umeshaanza. Mbegu ya mwanaume haiko hivyo hata kidogo. Ukitaka mfano wa shambani, inafanana zaidi na chavua, lile vumbi linaloanguka kutoka juu ya mhindi likatua kwenye ndevu za hindi, bila hilo punje haijai lakini lenyewe peke yake sio punje. Baba analeta kromosomu 23 (nyuzi ndogo zinazobeba urithi), mama 23, wanalingana hapo. Ila yai ndo linaleta pia chakula cha siku za mwanzo na mashine zote za kuendeshea seli. Yai ni seli kubwa kuliko zote mwilini, upana wake ni kama sehemu ya kumi ya milimita, mwenye macho mazuri analiona kama nukta ya kalamu iliyochongoka vizuri.

Haya, tarehe 15 Machi. Yai limetoka kwenye ovari limeingia kwenye mrija wa uzazi, na wanakutana na mbegu humo humo mrijani, sio kwenye mfuko wa uzazi kama wengi wanavyodhani. Katika mamilioni yaliyoingia, zinazofika karibu na yai ni mia kadhaa tu. Moja ikipenya, ganda la yai linabadilika papo hapo, nyingine haziingii.

Tarehe 16 mpaka 18 zaigoti inagawanyika, seli 2, seli 4, siku ya tatu zinafika kama 8. Lakini haikui! Hili huwa linawashangaza watu. Ni kama donge la unga wa chapati unaligawa madonge mawili, manne, manane, idadi inaongezeka ila unga ni uleule uliokanda mwanzo. Muda wote huo kiko safarini kinasukumwa taratibu kuelekea mfuko wa uzazi, mama hajui chochote, na kipimo cha mkojo hakiwezi kuonyesha kitu. Wale wanaopima siku mbili baada ya tendo wakaona mstari mmoja wakashangilia au wakalia, wamepima kitu ambacho hakijaanza kutoa ishara.

Tarehe 20, siku ya tano, seli zimeshakuwa zaidi ya mia moja na zimejipanga kama mpira wenye maji ndani. Hatua hii inaitwa blastosisti, na naomba uishikilie kichwani kwa sababu ndo inafungua mambo mengi yanayochanganya. Seli zimegawana kazi kwa mara ya kwanza. Za nje, zile za ngozi ya mpira, kazi yao ni kujenga kondo la nyuma. Na kuna kifungu kidogo cha seli kimejibandika upande mmoja kwa ndani, hicho ndo kitakuwa mtoto. Yaani sehemu kubwa ya kile kinachofika kwenye mfuko wa uzazi sio mwili wa mtoto, ni vifaa vya kumtunza.

Ukielewa hapo utaelewa mimba zabibu. Nimeona familia zinahangaika kwa waganga kwa ajili ya hili: kipimo kinasema mimba ipo, tumbo linakua haraka kuliko kawaida, kichefuchefu kikali, alafu ultrasaundi inaonyesha hakuna mtoto, kuna vitu kama vishada vya zabibu. "Mtoto kachukuliwa." Hapana, hajachukuliwa na mtu. Ule urutubishaji ulienda vibaya tangu siku ya kwanza. Kwa ile aina ambayo hakuna mtoto kabisa, yai halikuwa na kromosomu za mama, zilizopo zote zimetoka kwa baba, upande wa kujenga kondo ukakua peke yake bila mpangilio na kipande cha mtoto hakikujengeka. Na kwa kuwa homoni inayosomwa na kipimo inatoka kwenye seli za kondo, kipimo kinasema ndiyo. Hiyo inasafishwa hospitali na lazima ufuatiliwe vipimo vya damu baada ya hapo, kwa sababu mabaki yake yanaweza kuendelea kukua na mengine kugeuka saratani. Usiende nayo kwa mganga.

Na mapacha pia. Kuna mapacha wa mayai mawili, kila mmoja na mbegu yake, hawa ni ndugu wa kawaida waliokaa pamoja tumboni, na hawa ndo wanaofuata ukoo maana kuna wanawake wenye tabia ya kutoa mayai mawili. Alafu kuna wanaofanana, yai moja na mbegu moja, ila kiinitete kikajigawa. Kikijigawa siku 3 za mwanzo kila mmoja anapata kondo lake. Kati ya siku ya 4 na ya 8 kwa kawaida wanatumia kondo moja ila kila mtu na chupa yake ya maji. Kikichelewa sana, kupita siku ya 13 hivi, hakiwezi tena kuachana kikamilifu, na hao ndo tunaowaona wameungana. Wengi tunawakumbuka Maria na Consolata waliofariki Iringa Juni 2018, nchi nzima ililia. Ndizi pacha haihusiki. Kula ndizi yako kwa amani hata ukiwa mjamzito.

Kati ya tarehe 21 na 25 Machi ule mpira unatoka kwenye ganda lake na kujizika kwenye ukuta wa mfuko wa uzazi. Wengine hutoka tone la damu hapo, wakadhani ni hedhi imewahi, na hiyo nayo ikaja kuharibu hesabu kliniki. Ikitokea kikakwama mrijani na kujizika huko huko, hiyo ndo mimba ya nje ya kizazi, nyingi sana zinakuwa kwenye mrija, na mrija hauwezi kutanuka kama mfuko wa uzazi, unapasuka na damu inamwagikia ndani tumboni. Mwanamke ambaye hedhi imechelewa alafu ana maumivu makali upande mmoja wa chini ya tumbo, kizunguzungu, au maumivu ya ajabu begani, asilale nyumbani kusubiri asubuhi. Na haiwezi kuhamishwa ikapandwa pengine, hilo swali naulizwa kila mara na najua linaulizwa kwa uchungu.

Nikiwa hapohapo niguse P2 kidogo, vile vidonge vya dharura vya kuzuia mimba baada ya tendo. Watu wanagombana kama inaua kiinitete. Kazi yake kubwa ni kuchelewesha yai lisitoke, kwahiyo mbegu zinasubiri mpaka zinaisha nguvu. Kama yai limeshatoka na mimba imeshatunga P2 haiiondoi, ndo maana kuna waliomeza na bado wakapata mimba.

Tarehe 29 Machi hedhi ilitakiwa ije. Haikuja. Zile seli za kondo zimekuwa zikitoa homoni ya hCG, ambayo inauambia mwili wa mama usiangushe ukuta wa mfuko wa uzazi, na hiyo hiyo ndo inaleta mstari wa pili kwenye kipimo. Dada anapima, ana mimba ya "wiki 4". Kiinitete kina wiki 2, na kwa wakati huo ni kama sahani ndogo bapa ya tabaka mbili.

Kuanzia hapa kazi inakuwa kubwa mno kwa muda mfupi mno. Wiki inayofuata ile sahani inapata tabaka la tatu katikati. Fikiria chapati tatu zimebandikwa. Ya juu itatoa ngozi na ubongo na mishipa ya fahamu. Ya kati itatoa mifupa, misuli, moyo, damu, figo. Ya chini inatandika utumbo, ini na mapafu kwa ndani. Alafu sahani inajikunja pembeni kama unavyokunja sambusa, ndo mwili unapata ndani na nje.

Juu ya hiyo sahani panatokea mfereji, kingo zake zinainuka pande mbili zinakutana na kufungwa kama zipu, inaanza kwenye eneo la shingo inaenda juu na chini kwa pamoja. Huo mrija ndo ubongo na uti wa mgongo. Zipu inakamilika siku ya 28 hivi, kwenye kalenda yetu ni tarehe 12 Aprili. Isipofunga juu ubongo na fuvu havijengeki, mtoto huyo haishi. Isipofunga chini ndo mgongo wazi, na wengi wao wanapata na kichwa kujaa maji.

Sasa niambie, tarehe 12 Aprili dada yetu alikuwa wapi? Alikuwa amechelewa hedhi wiki mbili tu. Wapo wengi ambao muda huo hawajapima hata, wanasema labda ni stresi au mabadiliko ya hali ya hewa. Kliniki wanakuja mimba ina miezi minne, mitano, tunawapa vidonge vya damu vyenye foliki asidi (vitamini inayosaidia ile zipu kufungwa), wanavimeza vizuri na vinawasaidia kwenye damu kweli, ila ile zipu ilishafungwa au ilishashindikana miezi mitatu nyuma. Ni sawa na kuleta saruji ya msingi wakati fundi anaezeka bati. Hili linaniuma kuliko yote katika kazi hii kwa sababu kidonge chenyewe ni cha bei ya chini: mikrogramu 400 za foliki asidi kwa siku, kuanzia angalau mwezi mmoja kabla ya kushika mimba. Aliyewahi kuzaa mtoto mwenye mgongo wazi anahitaji dozi kubwa zaidi, hiyo aandikiwe na daktari. Na anayetumia dawa za kifafa aongee na daktari wake kabla, kwa sababu kuna dawa kama valproeti zinaongeza hatari hiyo, ila asiache dawa kienyeji, degedege nalo linaua. Tanzania unga wa ngano wa viwandani unatakiwa uwekewe foliki asidi, lakini sembe na dona ya mashine ya mtaani kwako mara nyingi haina mtu aliyeiongezea kitu.

Dunia ilijifunza hili kwa maumivu. Mwaka 1957 Ujerumani Magharibi ilianza kuuzwa dawa ya usingizi iitwayo thalidomidi, ikasifiwa pia kwa kichefuchefu cha mimba, ikaondolewa huko 1961, na kwa jumla watoto zaidi ya 10,000 katika nchi mbalimbali walizaliwa na madhara, wengi mikono au miguu mifupi au bila kabisa. Ilipofuatiliwa ikaonekana madhara yalitokea kwa mama aliyeitumia kati ya siku ya 20 na ya 36 hivi baada ya kutunga. Kwenye kalenda yetu ni tarehe 4 mpaka 20 Aprili. Ndo siku hizohizo moyo unaanza kupiga (kama tarehe 6) na vichipukizi vya mikono vinatokeza (tarehe 10, 11).

Na hapa niwajibu wale wanaosema mimba changa "bado ni damu tu". Hakuna hatua ambayo kiinitete ni donge la damu. Tangu mwanzo ni seli hai zilizojipanga, na mwanamke akitoka damu mapema, sehemu kubwa ya anachokiona inatoka kwenye ukuta wa mfuko wake wa uzazi. Lakini na wale wanaosambaza picha ya kitoto kamili chenye vidole na kope wameandika "wiki 4" nao wanadanganya. Wiki 4 za kweli kina urefu wa milimita 4 au 5, kinapungua hata punje ya mchele, kimejikunja, kina kamkia, na moyo wake ni mrija uliopinda. Roho inaingia lini, hilo ni la dini na kila mtu ana sheikh wake au padri wake, ultrasaundi haina jibu hilo.

Tarehe 26 Aprili, siku ya ile karatasi. Kwenye skrini kuna kitu kama harage, urefu kama milimita 16, nusu nzima ni kichwa. Katikati kuna kitu kinapepesa haraka haraka, zaidi ya mara 150 kwa dakika, ndo moyo. Mikono imetokeza ila kiganja bado ni bapa kama kasia, vidole vimejichora kwa ndani havijaachana. Vinaachana kwa seli za katikati kufa kwa mpangilio, kama fundi anavyochonga mbao kwa kuondoa. Mkia upo bado, baada ya wiki 2 hautaonekana.

Mtoto wa kike au wa kiume? Ilishaamuliwa tarehe 15 Machi na mbegu ya baba, kama ilibeba kromosomu ya X (msichana) au Y (mvulana), yai la mama siku zote lina X. Kwahiyo ukimfukuza mke kwa kuzaa wasichana watano umemfukuza kwa jambo lililotoka kwako. Ila tarehe 26 ukitazama huwezi kujua, kwa nje wote wanafanana, na ultrasaundi ya kuaminika kwa jinsia ni karibu wiki 18 mpaka 20.

Mimba kama 10 mpaka 20 katika kila 100 zilizojulikana huwa zinatoka zenyewe, nyingi ndani ya wiki 12 za mwanzo, na chanzo kikubwa ni kromosomu kuzidi au kupungua tangu siku ile ya kuungana. Sio ndoo ya maji uliyobeba, sio ugomvi na wifi, sio jicho la mtu. Nimewaambia hivi wanawake wengi waliokaa mbele yangu wakijihesabia makosa, na kuna ambao walipumua kwa mara ya kwanza siku hiyo.

Tarehe 10 Mei kiinitete kinakuwa kijusi, urefu wake kama tende, sentimita 3. Viungo vyote vikubwa vimeshaanza, kuanzia hapo ni kukua na kukomaa mpaka mwanzoni mwa Desemba.

Yule jamaa nilimwandikia hizi tarehe nyuma ya karatasi ileile ya ultrasaundi. Alikaa nayo muda mrefu. Akauliza, "Kwahiyo sista, hii mashine inaweza kujua baba?" Haiwezi. Inapima urefu inakisia umri, na hata katika miezi mitatu ya mwanzo inaweza kupishana siku 5 mpaka 7. Anayetaka uhakika wa baba ni kipimo cha DNA, na kwa Tanzania hicho kiko kwa Mkemia Mkuu wa Serikali na huendi tu mwenyewe na mtoto mkononi, unapitia kwa wakili, mahakama au ustawi wa jamii. Akasema hapana, hakitaki hicho. Akamgeukia mke wake akamuuliza kama ameshakula.